Uzoefu wangu: Mlimba hadi Makambako kwa treni ya TAZARA

Kwa anayeuliza kama TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, inafaa kwa safari ya kutazama nchi, jibu langu ni ndiyo, ila si njia nzima. Kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ni kilomita 1,860, na sehemu kubwa, hasa ukishavuka mpaka Tunduma, ni pori ambalo utalichoka kabla hujamaliza karanga zako. Wengi husimuliwa sifa za wanyama wa Selous, ambayo sehemu yake siku hizi ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, basi wanaganda dirishani wakingoja tembo. Tembo ni bahati nasibu. Milima haihami. Kwangu mimi kinacholipa nauli ni kipande cha kama kilomita 160 kutoka Mlimba, chini kwenye Bonde la Kilombero, mpaka Makambako, juu mkoani Njombe.

Tatizo ni kwamba wengi waliopita hapo hawajapaona. Treni ya masafa marefu ikitoka Dar alasiri, hufika mlimani watu wamelala. Nina ndugu yangu ambaye ameipanda TAZARA tangu akiwa mwanafunzi, na alipoona picha zangu aliniuliza huko ni wapi. Ndiyo maana nilitangulia Mlimba, nikalala huko, nikapanda treni fupi ya wenyeji inayokwea mlima mchana.

Kulala kwenyewe sikukufurahia. Gesti niliyofikia waliniahidi feni, na feni ilikuwepo kweli, ila umeme haukuwepo. Mlimba kuna joto la bondeni na mbu wasio na adabu, kwa hiyo chandarua ukikague mapema kabla hujalipa. Chakula, hata hivyo, sina neno. Wali wa Kilombero ukiula pale pale unakolimwa, na samaki wa mtoni wa kukaanga pembeni, mchele unaouziwa Dar kwa jina hilo hilo utauonea mashaka.

Anayesafiri kwa basi kwenda Mbeya anapita Mikumi, anapanda Kitonga, anatokea Iringa, ndipo anafika Makambako. Reli haikufuata huko. Inaambaa chini ya Milima ya Udzungwa kwa upande wa pili, inapita Kidatu kwenye miwa, Mang'ula, Ifakara, mpaka Mlimba, halafu inageuka na kuukabili mlima wenyewe. Barabara kuu na reli zinakuja kukutana Makambako. Kwa hiyo mandhari haya huwezi kuyaona ukiwa kwenye basi, hata uwe na dereva mkarimu namna gani, na ndani huko kuna vijiji ambavyo wakati wa masika njia ya kutegemewa ni treni tu.

Waliojenga walijua wanachokitafuta. Zambia ilikuwa inapitisha shaba yake kwenye reli za kusini, na Novemba 1965 Ian Smith alipojitangazia uhuru wake wa walowezi kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, Rais Kaunda wa Zambia akabaki mlango wake umeshikwa na mtu asiyemtakia mema. Benki ya Dunia ilikuwa imeshasema reli ya kuja Dar haina faida. Nchi za Magharibi zikakwepa. China ikakubali, mkataba ukatiwa saini Beijing Septemba 1967, kwa mkopo usio na riba. Kazi ikaanza rasmi Oktoba 1970. Kilomita 502 za kutoka Dar hadi Mlimba zilikwisha mwaka uliofuata. Mwaka mmoja tu! Halafu wakafika mlimani, na mwendo ule ukaishia hapo. Kipande hiki kifupi ndicho kilichowatoa jasho kuliko chote, na mengi ya mahandaki 22 ya reli hii yamo humu. Reli ilikamilika 1975, ikakabidhiwa Julai 1976. Wachina zaidi ya 60 walifia kwenye ujenzi, na makaburi ya wengi wao yapo Dar upande wa Gongo la Mboto. Watanzania na Wazambia waliokufa nao siwasikii wakitajwa sana, na hilo huwa linanikera kidogo kila nikisikia hotuba za urafiki.

Nilikata daraja la tatu kwa makusudi. Ukitaka kulala, kata la kwanza lenye vitanda vinne chumbani, au la pili lenye sita, na ujue wanaume na wanawake hutenganishwa, isipokuwa mkikata chumba kizima. Lakini kwa safari ya mchana daraja la tatu ndilo lenye madirisha wazi na watu wa kuongea nao. Kiti kigumu, ndiyo. Beba kitenge ukikunje.

Mbele yangu alikaa mama mmoja mfanyabiashara wa mchele, magunia yake yamesukumwa chini ya viti mpaka miguu yetu haikuwa na pa kukaa. Nilimwamkia, akaitika, akaniuliza naenda kwa nani Makambako. Nilipomwambia naenda kutazama mahandaki alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, handaki ni giza. Utatazama nini?" Baada ya muda, bila hata kugeuza shingo, akanyoosha mkono akafunga dirisha. Nikafikiri anaona baridi. Sekunde chache baadaye tukazama gizani, na upande wa pili, ambako vijana walikuwa wameacha dirisha wazi, moshi wa dizeli ukaingia wote ndani, watu wakikohoa na kutukanana kwa utani. Tulipotoka akafungua. Akafanya hivyo handaki baada ya handaki, katikati ya hadithi ya mkwe wake, wala hadithi haikukatika. Nilimuuliza anajuaje. Akasema treni ikianza kulia namna fulani, mkono unakwenda wenyewe. Nilijaribu kusikiliza huo mlio mpaka mwisho wa safari, sikuupata.

Na mahandaki yenyewe si giza tu, mama anisamehe. Ukitoka kwenye moja, kwa muda mfupi unaona bonde lote la Kilombero liko chini kushoto, mashamba ya mpunga yamekatwa vipande vipande, halafu mlima unakufungia tena. Ukitoka kwenye linalofuata, bonde limehamia kulia. Njia inajikunja kiasi kwamba kwenye kona unaona kichwa cha treni kinakatiza ukingo wa mlima mbele yako kama cha treni nyingine. Kwa hiyo usigombanie upande wa kukaa. Kila upande una zamu yake.

Pa kusimama na kutazama ni daraja la Mto Mpanga. Nguzo zake tatu zina kimo cha kama mita 50, na treni inapita taratibu, unasikia magurudumu yamebadilisha sauti kwa sababu chini hakuna udongo tena. Nilichungulia. Mto ni uzi wa maji ya kahawia katikati ya mawe, na vivuli vya mabehewa yetu vinatembea juu ya miti. Vijana waliokuwa wanacheza karata hawakuinua macho.

Stesheni za katikati ni raha ya aina yake. Reli ni njia moja, kwa hiyo treni husubiri nyingine ipite, na kusubiri huko ndiko soko. Ndizi, mahindi ya kuchemsha, kuku wa kukaanga kwenye karatasi, vyote vinapanda dirishani juu ya masinia. Uwe na hela ndogo ndogo. Ukitoa noti ya elfu kumi kwa ndizi za mia tano, treni itaondoka na ndizi, na chenji itabaki na muuzaji. Karibu na Uchindile hewa ikabadilika. Mama akachomoa koti kutoka nyuma ya gunia, akavaa, akanitazama na shati langu la Mlimba la mikono mifupi. Hakusema kitu. Makambako iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na unapanda kutoka joto lile la bondeni bila kushuka kwenye kiti, basi koti liweke karibu, si chini ya begi.

Nikitoa nyota, natoa nne. Ningetoa tano kama choo kingekuwa na maji kila behewa la kila treni niliyowahi kupanda nchini, na sizungumzii reli moja. Beba maji yako na tishu. Kuhusu muda, TAZARA kuchelewa si siri kwa yeyote anayeijua, na mwaka 2025 ulitiwa saini mkataba wa dola bilioni 1.4 na kampuni ya China wa kuifufua. Kazi kama hiyo hugusa ratiba, kwa hiyo piga simu stesheni kabla hujafunga begi, na usiamini tangazo la zamani ulilotumiwa kwenye kundi la WhatsApp.

Nani aipande: mwenye siku za kupoteza, mwenye watoto wanaopenda kuuliza maswali, Mtanzania aliyewahi kulipia ndege kwenda kupiga picha milima ya watu. Nani asiipande: kama una usaili Mbeya kesho asubuhi, panda basi.