Stendi ya fimbo ya kuvulia kwenye miamba ya Mwanza: uzoefu wangu wa miezi minane

Fimbo yangu ya kwanza ya maana ilichukuliwa na samaki. Nilikuwa Luchelele, ufukwe wa mchanga hapa Mwanza, giza limeanza kuingia, nimeiegemeza kwenye kijiti cha panda nilichokichomeka mchangani, na breki ya rili, yaani kile kifaa cha kukunjia mshipi, nimeikaza sana hata mshipi hautoki. Nikainama kuchukua chambo. Kengele niliyoibana kwenye ncha ya fimbo, ya kuniambia samaki amegusa, ililia mara moja tu. Kuinua macho, naona kitako cha fimbo kinazama, na kijiti kimelala chali. Sijui kama alikuwa sangara au kambare. Iliniuma kwa muda mrefu, na ndiyo maana nimeichukulia habari hii ya stendi kwa uzito kuliko wenzangu wengi wanaovua kutoka nchi kavu.

Kwetu Mwanza ukingo wa ziwa haufanani. Sehemu moja ni mchanga, hatua mia mbili mbele ni tope lenye matete, na ukifika upande wa Capri Point unakanyaga mwamba mtupu ambao hata msumari hauingii. Kwa hiyo mtu akiniuliza "stendi gani ni imara?" mimi humuuliza kwanza anavulia wapi.

Kwa ajili ya miamba nilinunua stendi ya alumini ya miguu minne, inayobeba fimbo mbili. Nililipa shilingi 95,000. Kila mguu unarefushwa peke yake, na kwangu hiyo ndiyo sababu ya kutoa pesa yote hiyo. Mwamba una mashimo na miinuko. Mguu mmoja unaingia ufani, mwingine unakaa juu ya jiwe, na bado fimbo zinakaa sawa. Ikikunjwa inaingia kwenye begi la mgongoni.

Lakini wepesi huohuo ulinitesa mwanzoni. Jua likishapanda, upepo wa ziwani huanza kuvuma kuja nchi kavu, na fimbo mbili ndefu zilizoelekezwa juu hushika upepo kama tanga. Wiki ya kwanza stendi ilianguka mara mbili bila samaki yeyote kugusa chambo, na rili moja ikakwaruzika vibaya. Dawa yake haikunigharimu kitu: nilichukua kiroba cha unga cha kilo tano, nikakijaza mawe palepale ziwani, nikakifunga kwenye mti wa katikati unaounganisha miguu ya stendi. Hapa kuna jambo moja la kuzingatia. Kiroba kisining'inie hewani, maana kikiyumba kinaitikisa stendi nzima na kengele zinalia ovyo. Kiguse mwamba kidogo, kamba ikiwa imekaza.

Baada ya hapo nikaanza kutazama nguvu inatoka wapi. Samaki anavuta kuelekea majini, kwa hiyo miguu ya mbele ndiyo ya kutanua zaidi na kuisogeza mbele. Na fimbo ielekee kulekule mshipi ulikoingilia majini. Ukiiweka upande, samaki akivuta anaipindua stendi kwa ubavu, na ubavuni ndiko stendi hizi zilipo dhaifu. Fimbo ikinyooka na mshipi, mvuto unapita moja kwa moja hadi kwenye rili, na breki uliyoilegeza inatoa mshipi. Mimi hulegeza hadi niweze kuuvuta kwa vidole viwili. Kengele nayo niliihamisha: badala ya kuibana kwenye ncha, naitundika kwenye mshipi wenyewe, kati ya rili na pete ya kwanza ya fimbo, kwa sababu fimbo iliyonyooka na mshipi haipindi ncha vya kutosha kukuonyesha kitu.

Gugumaji ni suala jingine. Kundi la gugumaji likisukumwa na upepo likakuta mshipi wako, linavuta polepole bila kuchoka, na hakuna stendi, ya alumini wala ya chuma, itakayoshindana nalo. Ukiliona linakuja, kunja mshipi mapema.

Kwenye tope na udongo mgumu stendi hii siitumii kabisa. Huko nina vigingi vya nondo ya milimita 12 alivyonichomelea fundi wa mtaani, urefu karibu mita moja, juu kuna uma. Nilitaka achonge ncha ya mviringo kama ya penseli. Akaniambia, "Kaka, hiyo itazunguka udongoni samaki akivuta. Niache niiponde iwe bapa." Nikamwacha aiponde, na hadi leo havijazunguka. Jozi nzima ilinigharimu shilingi 14,000, nafuu ambayo duka halikupi. Na kwa mchanga wa Luchelele hata nondo sipeleki. Bomba la plastiki la inchi mbili, lililokatwa mshazari chini ili liingie kirahisi, nusu yake nikiizamisha, linashika fimbo kuliko kitu kingine chochote nilichojaribu.

Mnunuzi wa stendi ya alumini ajue kasoro mbili. Vile vidaka vya kuegemeza fimbo ni plastiki ngumu, vinakula rangi ya fimbo. Nimevizungushia vipande vya tyubu ya baiskeli, na sasa fimbo hata haitelezi ikilowa. Ya pili ni kubwa zaidi: nati za kubania miguu nazo ni plastiki, na jua la Mwanza halikuzionea huruma. Mwezi wa tatu moja ilipasuka, mguu ukawa unajikunja taratibu kila fimbo ikivutwa. Kagua nati kabla ya kutupa mshipi, hasa kama utavua usiku.

Ningeinunua tena? Kwa miamba, ndiyo, bila kusita. Kama unavulia mchangani au kwenye tope tu, pesa hiyo nunulia rili nzuri. Na popote utakapoiweka stendi, isiwe kwenye ukingo wenyewe. Rudi nyuma hatua tatu nne. Miamba ya majini ina utelezi, ziwa letu lina mamba na viboko, na stendi iliyokaa vizuri haihitaji uisimamie ukiwa umekanyaga maji.

Ile nati iliyopasuka niliibadilisha kwa bolti ya chuma na nati ya mabawa, shilingi 1,500 kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Wiki iliyofuata nikabadilisha na zile tatu zilizobaki, kabla hazijapasuka.