Tathmini ya monensini ya asilimia 20 ya kuchanganya kwenye chakula cha kuku wa nyama

Bidhaa ninayoitathmini ni chengachenga za rangi ya hudhurungi zinazouzwa kwenye maduka ya pembejeo za mifugo kwa ajili ya kuzuia kuhara damu kwa kuku. Huuzwa kwa majina mbalimbali ya kibiashara, lakini kwa kuwa kiini chake ni kilekile, yaani gramu 200 za monensini katika kila kilo, sitashughulika na jina lililoandikwa kwenye mfuko. Maoni yangu ni kwamba hii ni dawa nzuri sana mikononi mwa mfugaji mwenye mizani aliyesoma lebo yote, na ni hatari kwa yule anayekadiria kwa kiganja. Maonyo yaliyo kwenye lebo huonekana kama mkusanyiko wa makatazo yasiyohusiana, mpaka mtu afahamu dawa hii hufanya nini kwenye utando wa seli. Hapo ndipo huonekana kwamba karibu yote yana asili moja.

Asili hiyo ilichunguzwa na watu ambao hawakuwa wakifikiria kuku hata kidogo. Mwaka 1964 Berton Pressman, mwanabiokemia wa Marekani, akishirikiana na mtafiti mwenzake Moore, alionyesha kwamba antibiotiki iitwayo valinomisini huifanya mitokondria, yaani sehemu ya seli inayotengeneza nishati, ifyonze potasiamu kutoka kwenye maji yanayoizunguka na wakati huohuo itoe ioni za haidrojeni. Hilo lilishangaza, kwa maana utando wa seli umejengwa kwa mafuta, na ioni, ambayo ina chaji na hupenda maji, haipiti kwenye mafuta bila msaada. Mwaka 1967 Pressman na wenzake walieleza kwamba antibiotiki za aina hii huibeba ioni zenyewe, zikiifunika na kuivusha kutoka upande mmoja wa utando hadi wa pili, na wakaziita ionofori. Mwaka huohuo lilichapishwa umbo la monensini, kazi ya kemia iliyohusisha kampuni ya Eli Lilly ya Indianapolis, ambayo iliipata dawa hii kutoka kwa bakteria wa udongo aitwaye Streptomyces cinnamonensis. Fuwele za chumvi yake ya fedha zilipopigwa eksirei, molekuli ilionekana imejikunja kama vidole vilivyofumbata sarafu: atomi za oksijeni zimeelekea ndani na kuishika ioni, na upande wa nje ni mafuta matupu. Ilipofika mwaka 1971 monensini ilikuwa imeingia sokoni nchini Marekani kama kinga ya kuku.

Kazi yake kwa kimelea ni hii. Monensini hupendelea sodiamu. Huichukua nje ya seli, huiingiza ndani, kisha hurudi nje na haidrojeni, na kwa kuwa chaji moja inaingia huku nyingine ikitoka, hakuna umeme unaojikusanya kwenye utando na kuizuia isiendelee. Eimeria, kimelea kinacholeta kuhara damu, kina seli moja tu. Kikipokea sodiamu nyingi kuliko kawaida, hulazimika kuisukuma nje kwa nguvu zake zote, nishati yake humalizika, maji hufuata chumvi, na seli huvimba mpaka ikapasuka. Haya hutokea kwenye utumbo, wakati kimelea kichanga bado hakijajipenyeza kwenye seli za ukuta wake.

Mfugaji anapaswa kukumbuka hilo kabla ya kutoa fedha. Dawa hii ni kinga, si tiba, na lazima iwe tumboni mwa kuku kabla kimelea hakijafika. Kuku walioanza kunya damu tayari wana vimelea ndani ya ukuta wa utumbo, na kukimbilia kuwachanganyia monensini wakati huo ni kupoteza muda. Kinachohitajika ni amproliamu kwenye maji ya kunywa, au dawa nyingine atakayoshauri daktari wa mifugo, hasa kwa kuwa kuku mgonjwa huacha kula mapema kuliko anavyoacha kunywa.

Katika makundi ya kuku wa nyama niliyoyalisha kwa bidhaa hii, kipindi cha kati ya wiki ya tatu na ya tano, ambacho ndicho cha mashaka zaidi, kilipita bila kinyesi chenye damu, na ukuaji ulikwenda sawasawa. Sitaipa dawa sifa zote, kwa kuwa maranda yalikuwa makavu na vyombo vya maji havikuvuja. Jambo jingine ninalolipenda ni kwamba haiui vimelea vyote. Vichache vinavyopona humpa kuku nafasi ya kujenga kinga yake, na hata usugu dhidi ya dawa hii, ingawa upo, umejitokeza polepole ukilinganisha na dawa nyingi zilizoitangulia.

Kwenye uchanganyaji ndiko bidhaa inakopoteza alama. Kiwango cha kuku wa nyama ni gramu 100 hadi 125 za monensini halisi kwa tani ya chakula, yaani gramu 500 hadi 625 za chengachenga hizi. Mwenye mashine ya tani moja hana taabu. Anayechanganya kilo 100 kwa koleo sakafuni anahitaji gramu 50 hadi 62.5 tu, na gramu hizo zikibaki upande mmoja wa rundo, kuku wa upande huo watakula sumu na wa upande wa pili hawatapata kinga. Mimi huzipima kwa mizani ya jikoni, nikazichanganya kwanza na kilo moja ya pumba za mahindi, kisha na kilo kumi, ndipo nikamwaga kwenye rundo lote na kuligeuza mara kadhaa. Lebo niliyonayo husema tu zichanganywe vizuri, maelezo yasiyomtosha mfugaji mdogo. Glovu na barakoa ni lazima, kwa sababu vumbi lake huwasha macho na ngozi.

Ukizidisha maradufu, kuku hupunguza kula na kudumaa, na ukiendelea kuzidisha hulegea miguu mpaka wakalala wameinyoosha nyuma. Hata hivyo kuku ni mvumilivu kuliko farasi. Kiwango kinachoua nusu ya kuku waliopewa ni karibu miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kwa farasi ni miligramu 2 hadi 3. Farasi wa kilo 300 huweza basi kuuawa na gramu 3 hadi 4.5 za chengachenga hizi. Sodiamu iliyosukumiziwa kwenye seli za misuli huvuruga pia mwenendo wa kalsiamu, na moyo, ambao ni msuli usiopumzika, huumia vibaya. Pressman mwenyewe, akiwa Chuo Kikuu cha Miami, alikuja kutumia miaka mingi kuchunguza athari za ionofori kwa moyo na mishipa ya damu. Punda ni wa ukoo wa farasi na onyo linamhusu vilevile, kwa hiyo mwenye punda anayebeba magunia ya chakula asimwache kamwe alambe yaliyomwagika. Onyo hilo linawagusa pia kanga na bata mzinga wakubwa, na kuku wanaotaga hawapaswi kulishwa chakula hiki.

Kuna onyo jingine ambalo wengi hulipita: monensini na tiamulini havikai pamoja. Tiamulini, ambayo hutolewa kuku wanapokuwa na mafua sugu, huzuia ini lisiivunjevunje monensini, hivyo kipimo kilichokuwa salama jana hugeuka sumu leo. Kati ya dawa hizo mbili ziachwe siku 7, iwe tiamulini imetangulia au imefuata.

Lalamiko langu kubwa haliihusu dawa bali jinsi inavyouzwa. Katika duka moja niliuziwa robo kilo iliyopimwa kwenye mfuko wa plastiki mweupe, bila jina, bila asilimia, bila tarehe ya kuisha muda. Kwa kuwa kuna bidhaa za asilimia 10 na za asilimia 20 zinazofanana kwa macho, mfuko wa namna hiyo haufai kununuliwa hata ukiwa wa bei nafuu, na mimi niliurudisha. Anayenunua chakula kilichokwisha kuchanganywa kiwandani naye aulize kwanza kama tayari kina kinga ya kuhara damu, kwa sababu vingi vinayo, na kuongeza nyingine juu yake ni kuzidisha kipimo bila kujua.

Kwa mwenye kuku wa nyama peke yao, mizani, na mfuko uliofungwa kiwandani, ninaipendekeza bila kusita. Mwenye boma la mchanganyiko, lenye punda, kanga na kuku wa mayai wanaodonoa mahali pamoja, ningemshauri atumie chanjo ya vifaranga au amproliamu.