Rotterdam: meli haziko mjini, zifuate kwa metro

Mimi ni mtoto wa Likoni, Mombasa. Marehemu baba alifanya kazi bandarini Kilindini, na kwetu meli unaiona hata ukitumwa dukani. Kwa hiyo nilipopata siku nne za Rotterdam, Uholanzi, mwezi wa Aprili, haja yangu ilikuwa moja: kuiona bandari kubwa kuliko zote Ulaya. Siku ya kwanza nikasimama juu ya daraja la Erasmus, lile jeupe la mwaka 1996 ambalo wenyeji wamelipa jina la bata maji, nikaangaza macho huku na huku. Boti za watalii, teksi za majini za manjano na nyeusi, maghorofa. Kontena hata moja sikuona. Magati makubwa yamehamia magharibi kidogo kidogo kuifuata bahari, na yale ya Maasvlakte yako kama kilomita 40 kutoka katikati ya mji. Kama safari yako ni ya kuona meli, lijue hilo kabla hujalipia hoteli.

Usafiri nausifu bila kusita. Hupangi foleni ya tikiti. Kadi yangu ya benki, ileile ninayonunulia unga Mombasa, niliigusisha kwenye mashine nikipanda, nikaigusisha tena nikishuka: metro, tramu, basi. Hiyo ya kushuka ndiyo yenye kesi. Metro ina vizuizi, hutoki bila kugusa, lakini tramu mlango uko wazi. Jioni ya pili nilishuka na mikoba mikono yote miwili, nikasahau, nikakatwa pesa nyingi kuliko nauli ya ule mwendo mfupi. Tena shika kitu kimoja: ukipanda kwa kadi ukashuka kwa simu, mashine inakuhesabu watu wawili.

Kilichonikaa moyoni ni handaki la Maas. Lilifunguliwa 1942, mji ukiwa mikononi mwa Wajerumani, miaka miwili baada ya mabomu yao kuiteketeza katikati yake. Waenda kwa miguu wana njia yao, na baiskeli zina yao juu yake. Unateremka kwa ngazi za umeme ambazo vidato vyake ni vya mbao, na mlio wake ni wa mbao kweli, kama mlango wa zamani. Mbele yangu mama mmoja alisimama nyuma ya baiskeli yake, amebana breki, mtoto amelala kwenye kiti cha mbele. Chini ni vigae na ubaridi, zaidi ya nusu kilomita, na maji yote ya mto yako juu ya kichwa chako. Hakuna malipo wala kungoja. Aliyekulia kwenye msongamano wa feri ya Likoni, sare ya shule imelowa jasho kabla ya saa mbili asubuhi, ataelewa kwa nini nilifika ng'ambo nikageuka nikavuka tena.

Teksi ya majini ni tamu lakini ghali, mara moja inatosha. Kwenda Kinderdijk kwenye vile vinu 19 vya upepo, chukua boti ya kawaida ya abiria.

Meli nilizipata siku ya mwisho. Panda metro B mpaka inapoishia, Hoek van Holland Strand. Kituo hicho cha ufukweni kimefunguliwa 2023. Kisha tembea hadi kwenye mdomo wa Nieuwe Waterweg, mfereji unaoipeleka meli baharini tangu 1872. Vaa koti zito, upepo wa pale hauna huruma hata jua likiwaka. Ng'ambo makreni yamejipanga mpaka macho yanachoka. Nilikaa juu ya mawe na chai yangu, ikapita boti ya rubani anayeziongoza meli, halafu nyuma yake meli ya mafuta, ubavu mwekundu, kutu imechuruzika chini ya nanga. Ilikuwa karibu hivi kwamba nilimwona baharia mmoja mwenye ovaroli ya rangi ya chungwa ameegemea reli. Nikampungia mkono. Naye akapunga.