Kupima rushwa: kuuliza watu au kuchimba barabara?

Rushwa haina risiti, kwa hiyo watafiti hupishana kuhusu namna ya kuipima. Wapo wanaokusanya maoni. Faharasa ya rushwa ya Transparency International, shirika la kimataifa linalopambana na rushwa, iliyoanza 1995, hutegemea mitazamo ya wataalamu na wafanyabiashara; leo kila nchi hupewa alama kati ya 0 na 100. Ni nafuu, ila kinachopimwa ni sifa, na sifa huchelewa kubadilika.

Wengine hufuata chenyewe kilichoibwa. Nchini Indonesia, mchumi Benjamin Olken aliwatumia wahandisi kuchimba sampuli za barabara katika vijiji zaidi ya 600, kukadiria gharama halisi na kuilinganisha na iliyoandikwa vitabuni. (Mawe nayo hupotea njiani, ndiyo maana walijenga kwanza barabara za majaribio, wajue upotevu wa kawaida ni kiasi gani.) Palipotangazwa mapema kwamba ukaguzi ni lazima, pengo lilishuka kwa takriban pointi 8 za asilimia. Na wanakijiji? Bei zilizopandishwa waliweza kuzinusa. Kiasi cha vifaa kilichoongezwa kwenye karatasi kiliwapita.

Kuchimba ni ghali, na hongo ya faraghani haichimbiki. Hata hivyo, nikitafuta kinachozuia wizi, nachukua sururu.