iNaturalist kwa kutafuta ua la mwanzo wa mvua: ramani nzuri, grafu ya kuangalia mara mbili

Kwa kujua Scadoxus multiflorus huota wapi, ni vigumu kupata chombo cha bure kinachoishinda iNaturalist, tovuti na programu ya simu ambamo watu huweka picha za mimea na wanyama na kusaidiana kuvitambua. Ua hili, tufe jekundu linalochomoza mvua zinapoanza, mara nyingi kabla ya majani yake, ni la asili tangu Senegal hadi Afrika Kusini, na ng'ambo ya Bahari ya Shamu hadi Yemen. Kila nukta ya ramani hufunguka na kutoa picha, tarehe na mahali.

Ila nukta hufuata wenye simu. Afrika Kusini imesheheni, Kongo ni chache mno, ilhali mmea upo kote huko. Nukta inathibitisha kwamba lipo. Penye uwazi usihukumu.

Grafu ya miezi, inayoonyesha rekodi ni ngapi kila mwezi, ndiyo hupotosha zaidi. Usipochuja kwa nchi, inachanganya mvua za Ethiopia na majira ya joto ya kusini, ukapata kilele kisichofaa popote. Weka Kenya au Tanzania, kisha baki na rekodi zilizowekewa alama ya kuchanua tu, maana zenye matunda husogeza kilele mbele. Tanzania nayo igawe: pwani na kaskazini kuna vuli na masika, kusini ni msimu mmoja.

Kutambua kunahitaji picha zaidi ya ile ya juu, ambayo ndiyo wengi huipiga. Scadoxus puniceus, jamaa yake anayefanana naye, nalo lipo Tanzania. Tazama chini ya maua: puniceus lina vijani vipana vilivyosimama kuyazunguka, vya multiflorus hujikunja chini na kunyauka. Ongeza shina na majani (tunguu liache ardhini, lina sumu). Rekodi hufika daraja la utafiti (Research Grade), yaani kufaa kwa kazi za kisayansi, ikiwa na picha, tarehe, mahali, na zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi, wasiopungua wawili, wakikubaliana.

Picha iliyopitia WhatsApp hupoteza tarehe na mahali. Itumwe kama hati. Lililopandwa bustanini lazima litiwe alama ya kupandwa, la sivyo ramani inapanuka kwa uongo.

Halafu kuna usahihi wa mahali. Aliyeandika "Tanzania" tu ameacha duara la mamia ya kilomita. Kwenye tovuti, ongeza &acc_below=1000 mwishoni mwa anwani ya utafutaji, zibaki zilizo sahihi ndani ya mita 1,000.