Mama aliuliza swali moja tu nje ya Carré

Hii hasira nimeikalia wiki kadhaa sasa, leo naitoa. Mama alikuja kunitembelea huku Uholanzi akasema makumbusho hayataki, anataka kuona lile jumba la sarakasi nililomhadithia kwenye simu, Theater Carré ya Amsterdam. Nikakata tiketi mbili mtandaoni kwa watembeza watalii fulani (siwataji), matembezi ya miguu kando ya mto Amstel, na kwenye maelezo waliandika kabisa kwamba historia ya Carré imo.

Tukafika nje ya jengo, jamaa anasema huu ni ukumbi wa shoo, zamani ilikuwa sarakasi, haya twendeni. Basi. Mama akanambia niulizie farasi walikuwa wanalala wapi, nikauliza kwa adabu zote, jamaa akaangalia saa akajibu mambo ya farasi katafuteni kwenye simu zenu. Mbele ya kundi zima! Mama hakuelewa maneno ila dharau aliiona, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, nimeuliza vibaya?"

Jamani hakuuliza vibaya!! Swali la farasi ndo lenyewe pale. Oscar Carré alikuwa mtu wa farasi, katoka kwenye familia ya sarakasi, akajenga hilo jumba mwaka 1887 ili wakati wa baridi awe na pa kufanyia maonyesho, likafunguliwa Desemba mwaka huohuo. Ukisimama nje unaona vichwa vya wachekeshaji vimechongwa ukutani, mama alivigundua mwenyewe, hakuna aliyemuonesha. Alafu mwaka 1968 mtu akataka kulibomoa apandishe hoteli, yani nusura lipotee, mpaka manispaa ilipolinunua 1977, na lilipotimiza miaka 100 likapewa hadhi ya kifalme. Dakika tatu tu zinatosha kusema hayo yote, na sisi tulishalipa.

Jioni tukaingia wenyewe kwa tiketi nyingine, kulikuwa na muziki. Tulikaa juu kabisa, ngazi kali mpaka mama akawa kashika chuma kwa mikono miwili, ila kule juu ndo unaelewa jengo, viti vimezunguka vyote vinatazama chini kama bado mnasubiri farasi watoke. Nikamwambia kila Krismasi sarakasi inarudi humuhumu, pale chini panageuka ulingo wa duara. Akanyamaza muda mrefu, akasema "kumbe walizungukia pale." Kwakweli sijawahi kufurahi hivyo ukumbini, nendeni Carré, hata kama hamjui Kiholanzi nendeni.

Sasa hao watembezaji nilitaka kuwapa nyota moja, ila nisiwaonee, kwenye lile daraja la Magere Brug jamaa alieleza vizuri na hata picha alitupiga, kwahiyo nikasema mbili. Nikawaandikia kuhusu ile dharau, kistaarabu tu, wakakaa kimya, baadae wakanijibu kwa kuponi ya punguzo la safari ijayo. Punguzo la nini? Hakuna aliyelalamikia bei, hata neno samahani halimo kwenye ile meseji na mama yangu kasharudi Morogoro bila mtu kumjibu. Hapana, nafuta hizo mbili. Ni moja.