Picha kamili ya damu kwa mwenye homa ya ini sugu: kipimo kizuri kinachosomwa nusu

Kwa anayeishi na homa ya ini B au C, picha kamili ya damu ni kipimo tunachokipa alama za juu. Tatizo ni kwamba wengi huishia kwenye himoglobini: mwanamume chini ya 13 (gramu kwa desilita ya damu), mwanamke asiye mjamzito chini ya 12, basi, anaandikiwa vidonge vya kuongeza damu.

Utamu wa kipimo uko kwenye MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu, ambao kawaida ni femtolita 80 hadi 100. Ukivuka 100, shuku upungufu wa foleti (vitamini B9), pombe, au ini lenyewe: kolesteroli hujaa kwenye utando wa chembe na kuutanua. Ukishuka chini ya 80, tafuta damu inayovuja polepole, hasa kwenye mishipa iliyovimba ya umio. Ini lenye makovu huzuia damu kupita, na presha hupanda nyuma yake. Presha hiyohiyo huikuza bandama, nayo hunasa chembe za kila aina. Himoglobini ikishuka, na chembe sahani (zinazogandisha damu) nazo zikawa chini ya 150,000 kwa mikrolita, mwombe daktari aiangalie bandama kwa utrasaundi.

Udhaifu mkubwa wa kipimo hiki ni kwamba hakionyeshi kama uboho, kiwanda cha damu ndani ya mifupa, unazalisha. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo uboho hauna likizo. Omba retikulosaiti zihesabiwe, maana hizo ndizo chembe changa. Zikiwa chache huku damu iko chini, uzalishaji umezorota. Zikiwa nyingi, chembe zinavunjwa au damu inapotea.

Wala hakisemi lolote la uhakika kuhusu madini ya chuma, na hapa ndipo watu huumia. Ini hutengeneza hepsidini, homoni ambayo ni kama bawabu wa chuma mwilini. Virusi vya homa ya ini C huipunguza, chuma kikapita ovyo na kulundikana kwenye ini. Uvimbe wa muda mrefu wa mwili unaopambana na ugonjwa nao unaweza kuipandisha, chuma kikazuiliwa kisiufikie uboho. Watu wawili wenye himoglobini ya 10 wanaweza kuhitaji matibabu yanayopingana kabisa! Kwa hiyo usimeze vidonge vya chuma kabla ya kupima feritini (protini inayohifadhi chuma) na kiwango cha transferini (protini inayosafirisha chuma) iliyobeba chuma. Feritini isikudanganye: ini likiumia, hupanda hata kama chuma ni pungufu.

Kwa anayetumia ribavirini, dawa ya homa ya ini C, kipimo hiki hakina mbadala. Dawa hiyo hujikusanya ndani ya chembe nyekundu, huzimaliza nguvu na kuzivunja, na himoglobini hushuka ndani ya wiki 4 za kwanza. Pima kabla ya kuanza, kisha wiki ya 2 na ya 4. Kwa asiye na ugonjwa wa moyo, ikiwa chini ya 10 daktari hupunguza dozi. Chini ya 8.5 huisimamisha. Dawa kama sofosbuvir zikitumika bila ribavirini hazileti balaa hili.

Kuhusu sampuli: kichupa chenye kifuniko cha zambarau kigeuzwegeuzwe taratibu mara 8 hadi 10, kisitikiswe. Damu iliyolala zaidi ya saa 24 kwenye joto la chumba huvimba chembe, MCV ikapanda kwa uongo. Chembe sahani zikishikana, mashine huhesabu pungufu. Mwambie mtaalamu wa maabara aitazame slaidi kwa hadubini.